Kupima Afya ya Mazao kwa Mwanga: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia

Katika miaka ya karibuni wakulima wengi wamefikiwa na watoa huduma wanaoahidi kupima afya ya mazao bila kugusa mmea. Wapo wanaorusha ndege zisizo na rubani, ambazo wengi huziita droni. Wapo wanaotuma picha za setilaiti kwenye simu ya mkulima, na wapo wanaouza vifaa vidogo vya kubana jani. Mara nyingi mkulima hupewa ramani yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, kisha huambiwa kwamba palipo na nyekundu pana upungufu wa mbolea au wa maji.

Elimu iliyo nyuma ya huduma hizi ni ya kweli, na imetumika kwa zaidi ya miaka 50. Hata hivyo, ina mpaka ambao kila mlaji anapaswa kuujua: mwanga unaorudishwa na jani hueleza hali ya jani, wala hautaji sababu ya hali hiyo. Asiyeujua mpaka huu anaweza kupoteza fedha mara mbili, kwanza kwa ramani, kisha kwa mbolea ambayo shamba halikuihitaji. Fedha huweza kutafutwa tena, lakini msimu uliopita haurudi. Sura hii inaeleza kipimo hicho hufanyaje kazi, kinaweza nini, hakiwezi nini, na maswali gani yaulizwe kabla ya kulipa.

Jani hufanya nini na mwanga

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Macho ya binadamu huona mawimbi yaliyo kati ya nanomita 400 na 700 hivi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Mawimbi yanayofuata baada ya nyekundu huitwa infraredi. Yamo katika mwanga wa jua, ila macho hayayaoni.

Mwanga unapolifikia jani, sehemu yake hunyonywa, sehemu hupenya upande wa pili, na sehemu hurudishwa. Kiasi kinachorudishwa huitwa uakisi. Uakisi wa 0.05 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za mwanga uliofika, sehemu 5 zimerudi.

Klorofili, ambayo vitabu vya shule huiita pia umbijani, hunyonya sana mwanga wa buluu na mwekundu ili mmea utengeneze chakula chake. Mwanga wa kijani huunyonya kwa kiasi kidogo zaidi, na ndiyo maana jani lenye afya huonekana la kijani. Klorofili inapopungua, mwanga mwekundu hurudi kwa wingi pamoja na wa kijani, na macho huuona mchanganyiko huo kuwa njano. Kwa hiyo mkulima anayetazama mahindi yake na kusema yamegeuka njano amekwisha kusoma uakisi kwa macho. Kifaa hufanya kazi hiyo hiyo kwa namba, na huongeza mawimbi ambayo macho hayafiki.

Katika infraredi ya karibu, yaani kati ya nanomita 700 na 1,300 hivi, klorofili hainyonyi mwanga. Kuta za seli na nafasi za hewa ndani ya jani huutawanya, na jani lenye afya huweza kurudisha karibu nusu ya mwanga huo. Ndiyo kusema, shamba lililostawi huonekana jeusi kiasi katika mwanga mwekundu, na jeupe sana katika infraredi ya karibu. Udongo mtupu hauna tofauti kubwa namna hiyo.

Kuna sababu ya kuhusisha klorofili na mbolea. Kila molekuli ya klorofili ina atomi moja ya magnesi katikati, ikizungukwa na atomi nne za naitrojeni. Mmea usiopata naitrojeni ya kutosha hutengeneza klorofili kidogo. Rangi ya jani, kwa hiyo, ni dalili ya naitrojeni, lakini si naitrojeni peke yake inayoibadilisha.

Namba zilizo nyuma ya rangi

Kipimo kinachotumika zaidi ni kielezo cha ukijani, ambacho kwenye ramani huandikwa NDVI. Kilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale watafiti wa Texas, Marekani, walipochunguza malisho kwa picha za setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972. Hesabu yake ni nyepesi: chukua uakisi wa infraredi ya karibu, utoe uakisi wa mwanga mwekundu, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili.

Tuchukue mfano. Mahindi yaliyostawi yanarudisha 0.45 ya infraredi ya karibu na 0.05 ya mwanga mwekundu. Tofauti ni 0.40, jumla ni 0.50, na kielezo ni 0.80. Mahindi yaliyodhoofika yanarudisha 0.30 na 0.12, na kielezo chake ni 0.43. Udongo mtupu wenye 0.26 na 0.20 hupata 0.13 tu.

Kielezo hiki kina udhaifu unaojulikana. Mazao yanapofunga shamba na kuwa mazito, namba hukaribia kikomo chake na haipandi tena, hata kama klorofili inaendelea kuongezeka. Wakati huo kipimo bora hutumia mawimbi ya kati ya nanomita 680 na 750, mahali ambapo uakisi wa jani hupanda ghafla kutoka chini hadi juu. Mahali hapo huitwa ukingo mwekundu. Jani likiwa na klorofili nyingi, mpando huo husogea kuelekea mawimbi marefu. Ikipungua, hurudi nyuma. Mtoa huduma anayedai kutofautisha mahindi mazuri na mazuri zaidi katikati ya msimu aeleze kama kamera yake ina wimbi hilo.

Jambo lingine la kuangalia ni rangi za ramani. Programu nyingi huzigawa kuanzia sehemu dhaifu hadi sehemu bora ya shamba lile lile. Shamba ambalo kielezo chake kinaanzia 0.74 hadi 0.82 laweza kuchorwa likiwa na mabaka mekundu, ingawa lote limestawi. Usilipie rangi peke yake. Dai namba, na dai kipimo cha rangi kinachoonesha nyekundu inaanzia wapi na kuishia wapi.

Maji ya jani hupimwa kwa mawimbi mengine

Klorofili na maji havisomwi mahali pamoja. Maji hunyonya mwanga katika mawimbi marefu zaidi, hasa karibu na nanomita 970, 1,200, 1,450 na 1,940. Jani lenye maji mengi hurudisha kidogo katika maeneo hayo, na jani linalokauka hurudisha zaidi. Setilaiti haziwezi kutumia vizuri 1,450 na 1,940 kwa kuwa mvuke ulio hewani nao hunyonya mwanga huo kabla haujafika. Badala yake hutumia mawimbi ya jirani, kama yale ya karibu na nanomita 1,600, na kuyalinganisha na infraredi ya karibu.

Hapa ndipo mlaji anapaswa kuwa macho. Kamera nyingi za droni huhisi mwanga kwa silikoni, na silikoni haihisi mawimbi yanayozidi nanomita 1,100 hivi. Dalili ya maji iliyo karibu na 970 ni hafifu, na huhitaji kifaa maalumu. Kamera ya kawaida ya kilimo yenye mawimbi matano, yaani buluu, kijani, nyekundu, ukingo mwekundu na infraredi ya karibu, haipimi maji yaliyo ndani ya jani. Inaweza kuonesha mmea uliodhoofika baada ya kukosa maji, na hilo ni jambo tofauti.

Mkanganyiko huongezeka kwa sababu vipo vielezo viwili vinavyoitwa NDWI, na vyote vilichapishwa mwaka 1996. Kimoja hulinganisha mawimbi mawili ya infraredi na hupima maji ya majani. Kingine hulinganisha mwanga wa kijani na infraredi ya karibu, na kilitungwa kwa ajili ya kutambua maji yaliyo wazi, kama maziwa na mabwawa. Hiki cha pili huweza kutengenezwa kwa kamera ya kawaida ya droni. Ramani ikiletwa kwako ikiwa na jina hilo, uliza imetumia mawimbi gani.

Hata kipimo sahihi cha maji huweza kuchelewa. Mmea unapoanza kukosa maji hufunga vinyweleo vya majani ili usipoteze unyevu. Kwa muda fulani jani hubaki na maji karibu yale yale, ingawa ukuaji umekwisha kupungua. Mkulima anayemwagilia asisubiri ramani ya setilaiti imwambie kwamba mazao yana kiu. Kuchimba udongo kwa jembe na kuushika mkononi hutoa habari mapema zaidi.

Baka jekundu lina sababu nyingi

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye eka mbili za mahindi. Ramani inaonesha ukanda mwekundu upande wa bondeni, na mtoa huduma anamshauri aongeze mifuko ya urea. Kabla hajanunua, anapaswa kuingia shambani na kutazama majani, shina na mizizi, kwa kuwa kila sababu huacha alama zake.

Upungufu wa naitrojeni huanza kwenye majani ya chini: njano huanzia nchani na kufuata mshipa wa kati, ikifanya umbo la herufi V. Upungufu wa magnesi nao huanzia majani ya chini, lakini njano hukaa katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki ya kijani. Upungufu wa salfa huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu. Ugonjwa wa milia huacha mistari mifupi iliyofifia sambamba na mishipa. Shamba lililotuama maji huwa na mizizi iliyooza, na kuliongezea urea hakuifufui. Kiduha hunyonya mahindi kutoka mizizini, na dhara lake huanza kabla halijachomoza juu ya udongo. Viwavijeshi vamizi huacha matundu na kinyesi ndani ya kikonyo. Na mahindi yanayokaribia kukomaa hugeuka njano kwa kawaida, bila ugonjwa wowote.

Hali zote hizi hushusha kielezo cha ukijani, na zote huweza kuwa nyekundu kwenye ramani moja. Thamani ya ramani ni kumwonesha mkulima aende wapi kwanza. Anayekwenda na kutazama, pamoja na afisa ugani inapowezekana, amepata faida ya fedha yake. Anayenunua dawa au mbolea kwa kutazama ramani tu, amebahatisha.

Ukubwa wa shamba na ukubwa wa picha

Picha ya setilaiti imeundwa kwa vipande vya mraba, na kila kipande hutoa namba moja tu kwa vyote vilivyomo ndani yake. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina vipande vya mita 10 kwa 10 katika mwanga mwekundu na infraredi ya karibu. Eka moja ina takribani mita za mraba 4,047, kwa hiyo hupata vipande 40 hivi. Katika ukingo mwekundu na katika mawimbi ya maji, vipande vya setilaiti hizo ni vya mita 20, na eka hupata vipande 10 tu. Landsat hutumia vipande vya mita 30, ambavyo ni vinne au vitano kwa eka.

Vipande vya pembezoni huchanganya shamba lako na njia, mti au shamba la jirani. Mkulima aliyechanganya mahindi, maharage na migomba hupata namba isiyo ya zao lolote kati ya hayo. Aidha, setilaiti za aina hii hazioni kupitia mawingu. Sentinel-2 mbili kwa pamoja hupita kila baada ya siku tano, lakini wakati wa masika wiki kadhaa huweza kupita bila picha safi. Uliza utafanyiwa nini endapo picha hazikupatikana katika muda uliolipia.

Ijulikane pia kwamba picha za Sentinel-2 na Landsat hutolewa bure kwa umma. Mtoa huduma ana haki ya kutoza malipo kwa kazi ya kuzichambua na kukushauri. Hana haki ya kukuambia kwamba amelipia picha zenyewe.

Vifaa vya mkononi na njia za gharama nafuu

Kifaa cha kubana jani hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi ndani ya eneo dogo la jani, kisha hutoa namba. Kwa kuwa hugusa jani lenyewe, hakisumbuliwi na udongo wala mawingu. Lakini namba yake hubadilika kulingana na aina ya mbegu, umri wa mmea na jani lililochaguliwa. Namba 40 kwa mbegu moja si lazima iwe na maana sawa kwa nyingine. Jani moja halitoshi. Pima majani 20 au zaidi ya nafasi ile ile kwenye mimea mbalimbali, upate wastani.

Programu za simu zinazopiga picha ya jani hufanya kazi kwa rangi zinazoonekana tu, kwa kuwa kamera za simu kwa kawaida huwekewa kichujio kinachozuia infraredi. Kivuli, jua kali na aina ya simu hubadilisha matokeo. Programu inayodai kupima NDVI kwa kamera ya kawaida ya simu inadai isichokiweza.

Kwa wakulima wa mpunga ipo kadi ya plastiki ya rangi za majani, iliyosambazwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI. Mkulima hulinganisha jani na vivuli vya kijani vilivyo kwenye kadi, akiwa amekinga jua kwa mwili wake, na huamua kama wakati wa kuweka mbolea umefika.

Njia nyingine ni kipande cha rejea. Chagua mstari mfupi wa shamba na uupatie mbolea ya naitrojeni ya kutosha mapema. Baada ya wiki kadhaa, kama mstari huo una ukijani uliozidi sehemu nyingine, shamba linahitaji naitrojeni. Kama hakuna tofauti, fedha ya mbolea haina kazi ya kufanya hapo, na sababu nyingine itafutwe. Kipande cha rejea humfaa pia mwenye droni, kwa kuwa humpa kitu cha kulinganisha ndani ya shamba hilo hilo.

Pale kipimo kinapoamua malipo ya bima

Kielezo cha ukijani hutumika pia katika bima. Mwaka 2010, bima ya mifugo inayotegemea kipimo hiki ilianzishwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, na mwaka 2015 serikali ya nchi hiyo ikaanzisha mpango wake kwa wafugaji. Malipo hutolewa pale ukijani wa malisho unaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga, na hivyo malipo huweza kufika mapema, hata kabla mifugo haijafa.

Mteja aelewe kwamba bima hii hupima eneo zima, si zizi lake. Mifugo yake inaweza kufa kwa ugonjwa, au malisho ya kijiji chake yakakauka huku eneo kwa jumla likionekana la kijani, na asilipwe. Isitoshe, ukijani si lazima uwe malisho. Mti wa mathenge hubaki wa kijani wakati wa ukame kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana, na setilaiti huuhesabu pamoja na nyasi. Kabla ya kulipa ada, dai kuoneshwa mipaka ya eneo linalopimwa, kiwango cha kuanzia malipo, miezi inayohesabiwa na tarehe ya kutangazwa kwa matokeo.

Maswali ya kumwuliza mtoa huduma

1. Kamera au setilaiti yako hupima mawimbi gani? Je, yamo yanayopima maji ya jani, au ukijani tu?
2. Ukubwa wa kipande kimoja cha picha ni mita ngapi, na shamba langu litapata vipande vingapi?
3. Je, kabla ya kurusha droni unapiga picha ya kibao cha rejea chenye uakisi unaojulikana? Bila hicho, picha za siku mbili tofauti haziwezi kulinganishwa kwa uhakika.
4. Je, nitapewa namba pamoja na ramani, na maelezo ya kila rangi?
5. Nani atatembelea sehemu zilizooneshwa kuwa dhaifu ili kutambua sababu, na je, gharama hiyo imo ndani ya malipo?
6. Je, wewe au mwajiri wako mnauza mbolea, dawa au mbegu mnazopendekeza?
7. Una kibali cha kurusha droni? Nchini Tanzania na Kenya, shughuli hiyo husimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga.

Majibu yaandikwe katika mkataba au katika stakabadhi. Hifadhi ramani, namba na ujumbe wote wa simu uliotumiwa. Iwapo huduma uliyopewa hailingani na ahadi, mwandikie kwanza mtoa huduma ukieleza tofauti hiyo na unachodai. Asipojibu au asiporidhia, wasilisha malalamiko yako kwa mamlaka ya kulinda walaji pamoja na vielelezo hivyo. Malalamiko yanayotaja wimbi lililoahidiwa, tarehe ya picha na namba zilizotolewa hushughulikiwa kwa urahisi kuliko yale yanayosema tu kwamba ramani haikuwa sahihi.